Namna ya kuongea na watu kuhusu ndovu, haki na tabianchi bila kufukuzwa barazani

Kama umepewa kazi ya kwenda kijijini kuongea na watu mambo ya wanyamapori na mabadiliko ya tabianchi, iwe wewe ni mwalimu, kijana wa kikundi, mfanyakazi wa shirika ama umejitolea tu, kitu cha kwanza nakuomba ufute kwenye daftari lako ile sentensi ya "ndovu ni urithi wetu". Usiiseme, angalau nusu saa ya kwanza usiiseme. Mtu ameamka akakuta mahindi yamelazwa yote na tangi la maji limepasuliwa, leo unamwambia urithi, atakuangalia tu hivi, na wale wenye maneno watakuuliza huo urithi unalipa karo ya nani.

Mifano yangu karibu yote itatoka Taita Taveta, kwanza ndo huko nakujua, alafu pia ni sababu mambo yote matatu, wanyama na haki na hali ya hewa, huko yanakutana kwenye shamba la mtu mmoja. Mbuga za Tsavo Mashariki na Magharibi zilitengwa mwaka 1948 na zimechukua karibu asilimia 62 ya ardhi ya kaunti. Hesabu ya wanyama ya 2021 ilipata ndovu 36,280 Kenya nzima, na hakuna mahali wako wengi kama Tsavo. Sasa katikati ya hizo mbuga mbili ndo wanakaa watu, Sagalla, Kasigau, Maungu, Buguta, Mwatate, na hapo hapo kuna ranchi, mkonge, barabara kuu ya Mombasa na reli mbili, ya zamani na ile mpya ya treni ya kisasa, SGR. Ukiwa kazi yako ni Laikipia ama Narok ama Kwale utabadilisha majina na mazao lakini utaratibu ni ule ule.

KABLA HUJAITISHA WATU

Pita kwa chifu na naibu wake, hilo halina mjadala, usipopita utaambiwa mkutano hauna ruhusa hata kama kila mtu amekuja. Alafu tafuta mzee wa kijiji mtembee naye mashambani siku moja mbili kabla, na usikubali akupeleke kwa wale walio karibu na barabara peke yao, muombe akufikishe kwa mtu wa mwisho kabisa, yule ambaye ng'ambo ya ua wake hakuna nyumba tena ni msitu. Huyo ndo anajua ndovu wanatoka saa ngapi, wanapita wapi, wako wangapi, na dume gani amezoea. Ukiwa umeongea naye, siku ya baraza huwezi kudanganywa na huwezi kudanganya.

Muda sasa. Watu wengi wa mjini wanapanga baraza saa tisa alasiri ili wao wapate muda wa kusafiri, matokeo yake saa kumi na moja kila mtu anaangalia jua na hakuna anayekusikiliza, maana jioni ndo ndovu wanaanza kutoka na mtu anataka afike kwake watoto wakiwa ndani. Weka saa nne asubuhi. Na uangalie msimu, mahindi na pojo za vuli zikianza kukomaa, hapo Desemba Januari, wanaume na akina mama wengi wanakesha shambani na bati na tochi, mchana wanalala, ukiwaita wakati huo utapata wazee watatu na watoto. Njoo kabla ya kupanda ama baada ya kuvuna, yaani baada ya kuvuna kilichobaki.

Mambo ya posho yasemwe mapema. Kama kuna soda na mkate sema, kama kuna nauli sema ni ngapi, kama hakuna kitu sema hakuna. Hili jambo likiachwa hewani litakula mkutano wako mwishoni, utasikia minong'ono ati pesa zimeliwa, na sio kosa lao, wameona semina nyingi.

Na akina mama. Kwenye baraza la kawaida wanaume wanaongea wa kwanza na wa mwisho, mama anakaa nyuma na mtoto, anasikiliza. Lakini ni nani anaenda kuchota maji alfajiri kwenye silanga, yaani bwawa la maji ya mvua, ambalo ndovu wamelala hapo? Ni nani anabaki na shamba mume akienda kutafuta kibarua Mombasa? Kwa hiyo panga kikao cha pembeni cha akina mama peke yao, chini ya mti mwingine, kikiongozwa na mwanamke, kabla ya kile kikubwa, alafu yale waliyosema uyalete kwenye baraza bila kutaja majina. Nimeona mara nyingi hoja nzito ya siku inatoka hapo.

ANZA NA HASARA

Ukisimama, salimia, jitambulishe, sema nani amekutuma na nani analipa mafuta ya gari lako (watu wanataka kujua na wana haki ya kujua) kisha uliza swali moja tu: tangu vuli iliyopita nani ameingiliwa, na nini kilipotea? Alafu kaa chini. Kaa kabisa. Mwenzako aandike kwenye karatasi ya manila mbele ya watu wote, tarehe, mnyama gani, kilichoharibiwa, imeripotiwa ama haikuripotiwa. Watu wakiona maneno yao yanaandikwa sauti zinashuka zenyewe.

Hapa utasikia hasira, nayo iache ipite. Utaambiwa mnajali ndovu kuliko binadamu. Utaambiwa ndovu akiniua mimi ni fomu, mimi nikimuua ndovu ni jela maisha. Usijibu na "lakini". Na usianze kutetea KWS, lile shirika la serikali la wanyamapori, kama wewe si KWS. Kuna jibu la kweli kwa hilo neno na linaenda hivi:

"Ni kweli mzee. Sheria ya wanyamapori ilivyopitishwa 2013, kosa juu ya mnyama aliye hatarini kutoweka lilikuwa na faini isiyopungua milioni 20 ama kifungo cha maisha, na fidia ya mtu aliyeuawa na mnyama ni milioni 5. Hizo namba ziko hivyo, sitazificha. Sasa tuangalie hio milioni 5 inadaiwa vipi, maana kuna watu hapa wana haki nayo na hawajapata."

Unaona, haujabishana na hujamdanganya, na umeingia kwenye kitu cha kufanya. Mzee huyo huyo ndo atakusaidia kunyamazisha wengine baadaye.

Ujue fidia vizuri kuliko kitu kingine chochote, sababu huwezi kuongea uhifadhi mahali ambapo deni halijatajwa. Kwa ile sheria ya 2013, kifo ni shilingi milioni 5, ulemavu wa kudumu milioni 3, majeraha mengine hadi milioni 2, na mazao, mifugo na mali vinathaminiwa kwa bei ya soko. Sio kila mnyama analipiwa, kuna orodha nyuma ya sheria, ndovu yumo, simba yumo, nyati yumo, chapisha hio orodha uende nayo, usiseme kwa kichwa. Madai yanapitia kamati ya kaunti ya uhifadhi na fidia, wanakaa wanachambua, wanapendekeza, alafu yanaenda wizarani, na hapo kwenye kulipwa ndo watu wanasubiri miaka. Waambie ukweli kwamba ni miaka, usiahidi mwezi ujao.

Kitu ambacho wengi hawajui na kinawaangusha: sheria inasema hulipwi mazao ama mifugo kama hukuchukua hatua za maana za kujikinga. Kwa hiyo picha ya shamba lililolazwa haitoshi, piga na picha ya ua wako, ya mizinga, ya waya wenye mabati, ya kile kibanda unachokesha, yaani uonyeshe ulijaribu. Ndovu wakipita usiku, asubuhi usisafishe shamba. Piga simu ofisi ya KWS iliyo karibu, kwa upande wetu ni Voi, ripoti siku hio hio, piga picha nyayo na kinyesi na mimea kabla jua halijakausha, muite naibu wa chifu aone, na afisa wa kilimo aje athamini. Kwa mtu aliyeumizwa weka karatasi zote za hospitali na za polisi pamoja. Na kila fomu unayopeleka baki na nakala yenye muhuri, hata kama ni picha ya simu, sababu faili zinapotea na ukiwa huna nakala unaanza upya. Haya yachukue nusu saa nzima ya mkutano wako, hata kama kwenye ratiba uliyopewa hayapo.

SASA TABIANCHI, NA USILETE PROJEKTA

Slaidi zenye dunia nyekundu inayowaka hazisaidii. Chora mstari mrefu chini kwenye mchanga, mwanzo ni mwaka ambao mzee zaidi hapo anakumbuka, mwisho ni leo, alafu chukua mawe na majani. Jiwe ni ukame, jani ni mafuriko. Waache wazee waweke. Utaona jani la 1961, mafuriko ya kabla ya uhuru, utaona jiwe la 1970 na 1971, ule ukame ulioua maelfu ya ndovu Tsavo, wazee wanaukumbuka kwa mizoga. Jiwe la 1984. Jani la El Niño ya 1997 na 98. Mawe ya 2009, ya 2016 na 17. Alafu wanafika mwaka wa 2020 na hapo mkono wa mzee unaweka mawe bila kuinuka, sababu kuanzia vuli ya 2020 mpaka vuli ya 2022 misimu mitano ilifuatana ikakosa mvua ya kutosha, kitu ambacho hakikuwa kimeonekana kwa miaka 40. Na vuli ya 2023 ikaja na mafuriko.

Lazima atatokea mtu aseme ukame ulikuwepo tangu babu zetu, hii ya tabianchi ni mambo ya wazungu wanatafuta pesa. Mpe haki yake, ukame ulikuwepo kweli, mawe yako hapo. Muombe tu aangalie nafasi kati ya jiwe na jiwe huku mwanzo na huku mwisho. Kisha ndo umwambie wanasayansi waliopima ule ukame wa 2020 hadi 2022 wakatoa matokeo yao 2023, kwamba joto lililoongezeka duniani lilifanya ukame wa aina hio uwe na uwezekano angalau mara 100 zaidi ya vile ingekuwa, maana hata mvua ikinyesha kidogo joto linakausha udongo haraka. Watu wa mashamba ya chini wanalijua hilo la udongo, masika tayari walikuwa hawaitegemei, vuli ndo ilikuwa ya kuaminika, na sasa vuli nayo inayumba.

Kutoka hapo unarudi kwa wanyama kwa njia ambayo haikasirishi. Kati ya Februari na Oktoba 2022 serikali ilihesabu mizoga ya ndovu 205, nyumbu 512, pundamilia wa kawaida 381, pundamilia wa Grevy 49, nyati 51 na twiga 12 waliokufa kwa ukame nchini. Mfugaji aliyepoteza ng'ombe mwaka ule akisikia hizo namba anaelewa mara moja, na mkulima anaelewa kwa nini ule mwaka ndovu walikuwa wanavunja hadi jikoni. Mnyama anakula karibu kilo 150 kwa siku, silanga la mbugani limekauka, huku chini kuna tangi na mahindi. Huna haja ya kusema "tuwapende", watu wanaunganisha wenyewe.

Tahadhari kubwa hapa: tabianchi isiwe kichaka cha wakubwa kujifichia. Ua wa umeme uliolala chini mwaka mzima bila kurekebishwa haukuangushwa na joto la dunia. Silanga lililojaa tope halikuchimbuliwa sababu bajeti haikutolewa. SGR, iliyofunguliwa 2017, imepita katikati ya Tsavo mbili na tuta refu, kuna vivuko vya chini na ndovu wengine wanavitumia, lakini njia za zamani zilibadilika na majirani wa reli wanajua nani aliletewa ndovu ambaye hakuwa nao. Kila hasara iliyo kwenye ile karatasi ya manila uliza hii ni ya mvua, ama ni ya mtu na ofisi yake? Nyingi zitakuwa za vyote viwili, na zile za ofisi ndo unaweza kuzifuatilia mwezi ujao, za mvua zitachukua muda.

Jambo la makaa pia. Mtu atanyoosha kidole kwa mama anayechoma makaa, ati yeye ndo ameleta joto. Kata hapo kwa upole. Kenya nzima inatoa chini ya asilimia 0.1 ya gesi zinazopasha dunia joto, Afrika yote karibu asilimia 4. Huyo mama hajaleta ukame wa 2022. Miti anayokata ina kazi yake hapa hapa, inashika udongo na kivuli na nyuki, kwa hiyo mazungumzo ya makaa yafanyike, lakini yafanyike kama mazungumzo ya riziki, angepika nini na angeuza nini badala yake. Na kama kijijini kuna mtu anafuatilia habari, atauliza zile pesa za hasara za tabianchi zilizokubaliwa kwenye mkutano wa dunia wa Sharm el-Sheikh 2022 ziko wapi. Mfuko ulianzishwa rasmi Dubai 2023, lakini kwake hazijafika, na usijifanye zimefika. Kitu kilicho karibu zaidi ni kamati za tabianchi za wadi chini ya mpango wa kaunti, hizo zina watu wa kijijini ndani na zinapendekeza miradi kama masilanga na visima. Uliza pale pale: mjumbe wa wadi hii ni nani, yuko hapa, ameitisha mkutano lini? Mara nyingi watu wanaangaliana.

HAKI, NDIYO INAYOWASHA MOTO

Usiikwepe. Watu wakianza kusema ardhi ni mbuga, kiingilio kinaenda Nairobi, na maji ya chemchemi za Mzima yanasafiri kwenye bomba hadi Mombasa tangu miaka ya 1950 huku wao wananunua mtungi, hawajatoka nje ya mada. Hio ndo mada. Wanasiasa wa kaunti wamedai mgao wa mapato ya Tsavo miaka yote na wewe huna jibu, sema huna, andika. Kazi yako ni kuwapa vishikio. Katiba ya 2010 kifungu cha 42 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi, cha 70 kinamruhusu kwenda mahakamani bila hata kuthibitisha kwamba yeye binafsi ameumia, cha 35 kinampa haki ya kuomba taarifa iliyo mikononi mwa serikali. Visome kwa Kiswahili cha kawaida, kimoja kimoja, na mfano wa hapo hapo. "Tunaweza kuandika barua kuomba orodha ya madai ya fidia ya wadi yetu na yamefika wapi?" Ndiyo, mnaweza.

Kuna habari moja ya pwani ambayo napenda kuisimulia kila mahali, ya Lamu. Ule mtambo wa umeme wa makaa ya mawe ulikuwa umepewa leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira ya serikali, 2016. Watu wa Lamu wakapinga, na Juni 2019 baraza la rufaa la mazingira likafuta leseni, na sababu kubwa ilikuwa wananchi hawakushirikishwa inavyotakiwa, mikutano iliyofanywa ilikuwa ya kujulishana tu, haikuwapa watu matokeo ya utafiti wa madhara ili wayajadili. Yaani mradi mkubwa namna ile ulianguka kwa sababu ya vile mabaraza yalivyoendeshwa! Ukisimulia hio, watu wanaanza kuuliza mihtasari ya mikutano yao ya zamani iko wapi, nani alitia sahihi, na ile karatasi ya mahudhurio waliyosaini wakipewa soda ilitumika kwa nini.

Kaboni nayo itatajwa, hasa upande wa Kasigau, kwani ule mradi wa msitu kati ya Tsavo mbili ulikuwa wa kwanza duniani wa aina yake kupewa krediti zilizothibitishwa, yaani vyeti vya kaboni iliyohifadhiwa msituni ambavyo vinauzwa, mwaka 2011. Watu wengine watakwambia umewapa basari na maji, wengine watakuwa na malalamiko mazito, wote wasikilize, usiwe wakili wa upande wowote. Kama kampuni mpya inazunguka na mikataba, watu waulize maswali haya kabla ya kalamu kugusa karatasi. Mkataba ni wa miaka mingapi na tukitaka kutoka tunatokaje? Malisho na kuni zitakatazwa wapi? Krediti inauzwa bei gani na nani atatuonyesha risiti? Sheria ya tabianchi iliyorekebishwa 2023 inasema mradi wa ardhi lazima uwe na makubaliano ya maendeleo na jamii, na jamii ipate angalau asilimia 40 ya mapato ya mwaka uliotangulia, sasa asilimia 40 ya nini hasa, na akaunti inasimamiwa na nani? Ambaye hawezi kujibu hayo akaribishwe chai aende ajipange.

UKIFIKA KWENYE SULUHISHO USIWE MUUZAJI

Sagalla wamekaa na ua wa nyuki kwa miaka mingi chini ya shirika la Save the Elephants, na ni mfano mzuri sababu una namba na pia una mipaka. Mizinga inaning'inizwa kwenye waya kuzunguka shamba, kila mita 10 kuna mzinga ama ubao unaofanana na mzinga, ndovu akigusa waya mizinga yote inatikisika, nyuki wanatoka, na ndovu nyuki anamuogopa, wanamuuma kwenye mkonga na machoni. Mashamba 26 yalifuatiliwa miaka 9, na kati ya ndovu karibu 4,000 waliosogea, watatu kati ya kila wanne hawakuingia. Msimu wa mazao yakiwa yamestawi ilifika asilimia 86. Asali inauzwa juu yake.

Sasa upande wa pili, ambao wenye miradi wanaupitia haraka. Ukame ukikaza nyuki wanahama, mizinga inabaki mitupu, na mzinga mtupu ndovu anaujua. Baada ya ukame wa 2017 pale Sagalla nyuki walichukua muda mrefu kurudi na ua ukapungua nguvu. Sema hivyo mbele ya watu. Mwaka ambao unahitaji kinga zaidi ndo mwaka ambao kinga hii inalegea, kwa hiyo mtu asiweke kila kitu kwa nyuki, apande pilipili pembeni maana ndovu hawaitaki, aweke waya wenye vipande vya bati, na majirani wapange zamu za kukesha. Na uliza mizinga ni ya jina la nani. Mama anapalilia maua na kumwagilia nyuki maji, mzee anauza asali, mwaka wa pili mama anaacha kumwagilia. Afadhali liongelewe mapema.

WATU WATAKAOKUSUMBUA

Mwanasiasa atakuja amechelewa na atataka kipaza sauti. Mpe, dakika tano, alafu mpeleke kwenye ile karatasi ya manila: "Mheshimiwa, hii ya silanga la juu iko kwenye bajeti ya mwaka huu?" Iandikwe alichojibu.

Askari wa KWS muombe akae katikati ya watu na sio meza kuu, na aongee mwisho. Wengi wao ni watu wazuri wamechoka, gari moja maeneo makubwa, simu inalia usiku kucha. Akieleza hilo mwenyewe baada ya kusikiliza, watu wanamuelewa kuliko akianza na onyo.

Wafugaji kutoka nje ya kaunti walioingia na ng'ombe ama ngamia ranchini wakati wa kiangazi, hapa kuwa mwangalifu sana. Baraza likigeuka kuwa la "wale wageni" limekufa, na damu inaweza kumwagika wiki ijayo. Wajumbe wao waitwe, wakae, waulizwe swali lile lile la hasara. Kama hali ni ya moto tayari, usiunganishe, fanya vikao viwili na wazee wapelekeane ujumbe.

Kijana mwenye simu ataonyesha video ya ndovu ameua mtu jana. Uliza imepigwa wapi, na nani, lini, lugha inayosikika ni ya wapi. Ikiwa hajui, haiingii kwenye orodha, basi.

Kwa shule nina neno moja tu. Usiwaambie watoto wachore ndovu anayekufa na dunia inayolia. Waambie wachore njia yao ya kutoka nyumbani hadi shule na waweke alama mahali wanaogopa na saa wanayopita. Ile michoro ukiipeleka kwa mwalimu mkuu na chifu, inaweza kubadilisha saa ya masomo ya alfajiri, na hilo limefanya kazi zaidi ya bango.

KUMALIZA KIKAO

Usimalize na hotuba. Rudi kwenye karatasi, chagua mambo mawili ama matatu yasiyozidi, kila moja na mtu, tarehe na ofisi. Kwa mfano barua ya kuomba orodha ya madai, katibu wa kijiji, Ijumaa ijayo, kwa msimamizi wa KWS wa kaunti. Silanga, mjumbe wa wadi, kikao kijacho cha kamati. Soma muhtasari kwa sauti kabla watu hawajaondoka, kwa Kiswahili, na kama kuna wazee wanaoelewa Kitaita zaidi mtu awarudilie kwa Kitaita. Ukisomwa watu watakurekebisha, "mimi sikusema magunia matatu, nilisema manne," rekebisha hapo hapo ndo watu waweke sahihi ama dole gumba. Mahudhurio yawe karatasi tofauti na ya posho, juu kabisa iandikwe mkutano ulikuwa wa nini, ili isije ikabandikwa kwenye mradi wa mtu.

Nakala tatu. Moja kwa chifu ipigwe muhuri, moja ofisi inayohusika, na moja ibaki kijijini kwa mtu ambaye hahami hami, mara nyingi ni katibu wa kikundi cha akina mama, kwenye mfuko wa nailoni mbali na mchwa. Picha za wasap ni za ziada. Wewe ukihamishwa kazi mwezi ujao, atakayekuja baada yako ataanzia kwa huyo mama, na chukua kabisa nambari ya mtoto wake maana simu yake huwa haina chaji.